Kipa wa tatu Ligi Kuu au namba moja Championship, na je, sentimita 179 zinatosha?

Swali: "Shikamoo kocha. Nina miaka 20, naishi Mbagala, naidakia timu ya ligi ya mkoa. Nimepata ofa mbili. Timu ya Ligi Kuu inataka nisaini miaka mitatu niwe kipa wa tatu. Timu ya Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, inataka mwaka mmoja, kocha wao kaniahidi nitaanza, ila mshahara ni nusu ya ule wa kwanza. Mjomba anasema nisaini Ligi Kuu nitulie, kipa hukomaa akifika 30. Kinachoniumiza kichwa, nina sentimita 179 na skauti mmoja alisema mimi mfupi, ndiyo maana krosi zinanipita. Kila asubuhi naning'inia kwenye bomba dakika kumi, na rafiki kaniletea vidonge vya kuongeza urefu, sijaanza kumeza. Halafu wiki mbili zilizopita mpira ulinigonga ncha ya kidole cha pete mkono wa kulia. Tangu hapo ncha imelala, haiinuki yenyewe, ila haiumi sana. Nakikanda kwa maji ya moto na kukivuta, nadaka hivyo hivyo na bandeji. Nifuate njia ipi?"

Marahaba, mdogo wangu. Mambo makubwa umeyaeleza vizuri, na kidole umekitaja mwishoni kana kwamba ni jambo dogo. Mimi nitaanza nacho, kwa sababu mkataba unaweza kusubiri wiki moja, kidole hakiwezi.

Mfupa wa mwisho wa kidole, ule wenye ukucha, unanyooshwa na kano nyembamba inayopita mgongoni mwa kidole na kushika karibu na shina la ukucha. Mpira ukigonga ncha wakati umenyoosha kidole, ncha inakunjwa ghafla na kano inakatika, au inang'oka na kipande cha mfupa. Ndiyo maana ncha imelala, ukikaza hainyanyuki, lakini ukiisukuma kwa mkono wa pili inanyooka. Kutouma sana kusikudanganye. Jeraha la aina hii mara nyingi haliumi kwa kiasi cha uharibifu wake, na ndiyo maana makipa wengi wanaliacha mpaka kidole kinabaki kimepinda maisha yao yote.

Kukivuta acha leo hii. Kano iliyokatika inapona pale tu ncha zake mbili zinapolala pamoja bila kutikiswa, na kila ukivuta au ukikunja unazitenganisha upya. Maji ya moto hayawezi kuunga kano. Tiba ya kawaida ni kibanzi kidogo kinachoshika kiungo cha mwisho peke yake kikiwa kimenyooka, usiku na mchana, kwa wiki 6 hadi 8, huku kiungo cha katikati kikiachwa huru ili kisigande. Ugumu wake uko hapa: ukiruhusu ncha ilale hata mara moja katika wiki ya tano, hesabu inaanza upya. Ukibadilisha kibanzi au ukisafisha ngozi, laza kidole juu ya meza kikiwa kimenyooka, usikiinue hewani. Baada ya hapo watu wengi huendelea kukivaa usiku na mazoezini kwa wiki kadhaa.

Wiki mbili hazijakuchelewesha. Nenda hospitali ya rufaa ya Temeke au taasisi ya mifupa pale Muhimbili, uombe eksirei ya kidole hicho ikipigwa kwa ubavu, maana kipande cha mfupa kilichong'oka huonekana vizuri zaidi upande huo. Kikiwa kikubwa au kiungo kimehama, daktari anaweza kuamua upasuaji. Na kwa kuwa wasomaji wengine ni makipa pia: ikiwa ncha ya kidole haikunjiki, yaani kinyume cha hali yako, hiyo ni kano ya upande wa kiganja na inahitaji daktari wa upasuaji ndani ya siku chache, si wiki. Na ukianguka juu ya mkono kisha ukasikia maumivu kwenye kishimo kilicho chini ya dole gumba, upande wa kifundo cha mkono, usiridhike na eksirei moja isiyoonyesha kitu. Mfupa mdogo wa pale ukipasuka, ufa unaweza usionekane siku ya kwanza, ndiyo maana picha hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14.

Sasa urefu. Katika miaka 20, kwa vijana karibu wote, sehemu laini za mifupa zinazokuza urefu zimeshafunga na kuwa mfupa mgumu. Kuning'inia kunanyoosha mgongo kwa muda mfupi, ukitembea saa chache umerudi ulipokuwa. Mabega yako yatanufaika kidogo, urefu hautabadilika. Vidonge navyo ni hivyo hivyo, tena vibaya zaidi: hakuna kidonge kinachofungua mfupa uliofunga, na hujui kilichochanganywa humo. Katika kanuni za kupambana na dawa za kusisimua misuli, mchezaji anawajibika kwa chochote kinachokutwa mwilini mwake, hata kama alipewa na rafiki. Mrudishie.

Yule skauti amechanganya mambo mawili. Urefu una maana, hilo sitakuficha. Lakini krosi zinakupita kwa sababu nyingine, na unaweza kuithibitisha mwenyewe kwa ukuta na chaki. Simama ukutani, nyoosha mikono yote miwili juu, weka alama ya ncha za vidole. Mtu wa sentimita 179 kwa kawaida hufika karibu mita 2.30. Kisha kimbia hatua tatu, ruka kwa mguu mmoja, weka alama nyingine. Ukipanda sentimita 55 umefika mita 2.85. Mtambaa panya, ile nguzo ya juu ya goli, uko mita 2.44. Straika wa sentimita 190 akiruka sentimita 60, utosi wake uko mita 2.50, na mpira anaupiga kwa paji la uso, chini zaidi ya hapo. Kwa hiyo una zaidi ya sentimita 30 juu yake, kisheria, kwa sababu wewe peke yako unaruhusiwa kutumia mikono. Ukishindwa krosi hiyo, umezipoteza hizo sentimita mahali fulani kabla ya mpira kufika.

Mahali hapo huwa patatu, na mara nyingi kosa la kwanza huzaa mengine. Kipa anatoka mapema mno. Mpira wa kona hukaa hewani sekunde moja na nusu hivi, na nusu ya kwanza ya muda huo ni ya kusoma, si ya kukimbia. Anayekimbia mara mguu unapogusa mpira hujikuta chini yake, inabidi arudi kinyumenyume, na mtu anayerudi nyuma haruki. Anaishia kuruka kwa miguu miwili kutoka kusimama, hapo amepoteza sentimita 15 au 20. Kisha anaudaka mpira usawa wa uso, viwiko vimekunjwa, badala ya kuufuata juu mikono ikiwa imenyooka. Sentimita nyingine 30 hizo. Jumlisha uone: kipa wa 179 amejifanya mfupi kuliko straika, halafu analaumu mama na baba.

Usiniamini kwa maneno. Mwombe mwenzako aweke simu nyuma ya goli, kipa yeyote aliye mzima apigiwe krosi 20 kila upande, na baadaye wewe kidole kikipona. Simamisha picha pale mpira unapogusa glavu. Tazama viwiko. Vikiwa vimekunjwa, umeupata ugonjwa.

Namna ya kuurekebisha ni hii. Kwenye kona, anzia katikati ya goli, mita moja na nusu hivi mbele ya mstari, mwili umefunguka nusu kuelekea uwanjani ili uone mpigaji na kundi kwa pamoja. Wengi hugeuka mzima kumtazama mpigaji, wakashindwa kuona nani anaingia mlingoti wa pili. Subiri usome urefu na kasi ya mpira. Amua. Ukiamua, paza sauti mara moja, neno moja, "Yangu!", na usilirudie kwa woga. Hatua za mwisho ziwe fupi na za haraka, ruka kwa mguu mmoja, goti la upande wenye wapinzani likiwa juu, ufikie mpira juu, mikono imenyooka mbele ya uso, na si moja kwa moja juu ya utosi. Kukiwa na msongamano na huna uhakika wa kudaka, ngumi mbili pamoja, chini ya kitovu cha mpira, uende juu na mbali, kuelekea pembeni. Ngumi moja ni ya kuusukuma mpira uendelee na safari yake, si ya kuurudisha ulikotoka. Na ukisita, baki. Kipa aliyebaki kwenye mstari ana nafasi ya kudaka mpira wa kichwa. Aliyesimama katikati ya safari hana kitu.

Dakika 20, mara tatu kwa wiki, zinatosha. Anza na mipira ya kurushwa kwa mkono kutoka mita 8, kisha ya mguu bila mtu, kisha watu wawili wanaosimama tu, mwisho watu wanne wanaosukumana kweli. Usiruke hatua kwa sababu umechoshwa nayo. Kwa wiki hizi za kibanzi, fanya jambo ambalo makipa wazima hawalifanyi kabisa: simama golini bila kudaka, mikono nyuma, krosi zipigwe, na wewe useme "Yangu!" au "Ondoa!" kabla mpira haujafika nusu ya safari, huku ukisogea. Mikono haihusiki, macho na miguu vinafanya kazi. Ongeza pasi 50 za mguu wako dhaifu kila siku ya mazoezi, za mita 25, zitue kwa mtu bila kudunda zaidi ya mara moja. Tangu mwaka 1992, sheria ilipomkataza kipa kudaka pasi ya mguu kutoka kwa mwenzake, mguu dhaifu wa kipa umekuwa mlango wa pili wa goli.

Nimesema urefu una maana, niseme ni wapi. Mashuti ya kona za juu za goli, na kuupangua mpira unaoshuka chini ya mtambaa panya wakati unarudi nyuma: hapo kipa wa 192 ana nafasi ambayo wewe huna. Dawa yake ni kupunguza goli kabla shuti halijapigwa. Mpira ukiwa mita 11 mbele yako na wewe umesimama kwenye mstari, una mita 3.66 za kulinda kila upande. Ukitoka mita 3, unabaki na mita 2.66 hivi. Umelipunguza goli kwa mita moja kila upande bila kuongezeka hata sentimita. Sharti ni mbili: uwe umesimama, miguu yote miwili chini, pale mguu wake unapogusa mpira, na usitoke mbali hivyo dhidi ya mtu mwenye nafasi na muda wa kukuchopia juu.

Mifano unayo hapa hapa. Juma Kaseja hakuwa mrefu, na alikuwa golini Simba ilipoivua Zamalek ubingwa wa Afrika mwaka 2003. Miaka 16 baadaye, 2019, alikuwa golini tena Taifa Stars ilipoitoa Burundi kwa penalti hapa Dar katika safari ya kutafuta Kombe la Dunia. Djigui Diarra wa Yanga, aliyefika mwaka 2021, naye si jitu, nenda uwanja wa Mkapa umtazame anavyosimama mbali na goli lake na anavyotumia miguu. Usimtazame anapodaka. Mtazame mpira ukiwa upande wa pili.

Tuje kwenye mkataba. Mjomba wako ana nusu ya ukweli. Ni kweli makipa wanadumu: Essam El Hadary wa Misri alicheza Kombe la Dunia 2018 akiwa na miaka 45 na akapangua penalti. Lakini Gianluigi Buffon, aliyestaafu 2023 akiwa na miaka 45, alianza kudaka Serie A mwaka 1995 akiwa na miaka 17. Kinachomkomaza kipa ni maamuzi aliyofanya kwenye mechi, yakamgharimu, akayakumbuka. Ligi ya timu 16, nyumbani na ugenini, ni mechi 30, dakika 2,700. Kipa wa tatu anaweza kumaliza msimu bila hata moja. Siku za mechi kwa kawaida makipa wawili wanavaa, wa tatu anakaa jukwaani. Mazoezini, kocha wa makipa akiwa na haraka, wa tatu ndiye anayewapigia wenzake mipira. Ukifika 23 ukiwa umeishi hivyo, utakuwa na miaka 23 na uzoefu wa ligi ya mkoa, na hiyo 30 ya mjomba haitakusaidia.

Upande wa pili nao upewe haki yake. Ally Salim alikaa nyuma ya Aishi Manula na Beno Kakolanya pale Simba, na nafasi ilipofika Aprili 2023 alisimama golini Simba ikiifunga Yanga 2-0. Agosti mwaka huo huo, kwenye Ngao ya Jamii pale Tanga, penalti alizopangua ndizo zilizoipa Simba kombe. Kwa hiyo kipa wa tatu anaweza kuitwa. Lakini tazama na hili: klabu ilimleta Ayoub Lakred kutoka Morocco, kisha Moussa Camara kutoka Guinea. Klabu kubwa ikipata pengo golini, mara nyingi hutazama nje ya nchi kwanza. Mzawa anayesubiri bila dakika hana cha kuwaonyesha.

Ushauri wangu: Championship, au Ligi Kuu kwa sharti la kupelekwa kwa mkopo. Hili la pili hukuliuliza, lakini uliza. Waambie upo tayari kusaini ikiwa mkataba utaandikwa kwamba msimu wa kwanza unakwenda kwa mkopo kwenye timu utakayocheza, nao wanakulipa. Wakikubali, umepata mshahara na dakika. Wakikataa, waulize wana makipa wangapi wenye mikataba na inaisha lini, kuna timu ya vijana unayoweza kuidakia kwa umri wako, na kocha wa makipa ni nani. Klabu isiyo na kocha wa makipa wa kudumu usiende kuwa wa tatu, hata walipe vipi.

Na usimwamini sana yule kocha wa Championship. "Utaanza" si kitu kinachoandikwa kwenye mkataba, na akifukuzwa baada ya miezi mitatu ahadi inaondoka naye. Pima kwa vitu vinavyoonekana: wana kipa gani mwingine, na wachezaji waliopo wanalipwa kwa wakati? Hilo la mwisho usimuulize kiongozi. Waulize wachezaji wawili watatu, kila mmoja peke yake. Mshahara wa nusu unaoingia kila mwezi unalisha nyumba kuliko mara mbili yake inayochelewa miezi minne. Lakini kama wewe ndiye unayelipa kodi na ada za wadogo zako, na klabu ya Ligi Kuu inalipa kwa wakati, sitakulaumu ukichagua pesa. Pigania tu mwaka mmoja au miwili badala ya mitatu. Kanuni za FIFA zinaruhusu mkataba wa mtu mzima hadi miaka 5, kwa hiyo mitatu ni halali kabisa. Tatizo ni muda utakaofungwa. Ukibakiza miezi 6 unaruhusiwa kusaini na klabu nyingine, kwa hiyo mkataba mfupi unakurudishia uhuru mapema.

Usisaini ukiwa umesimama kwenye ofisi ya mtu. Chukua nakala, nenda nayo kwa wakili, au uwaone SPUTANZA, chama cha wachezaji. Iandikwe mshahara na tarehe yake, dau la usajili na awamu zake, malazi, na nani analipa matibabu ukiumia, na mshahara unaendeleaje ukiwa majeruhi. Ubaki na nakala yako iliyosainiwa na pande zote, na uhakikishe mkataba huo ndio uliopelekwa TFF, shirikisho la soka. Zipo hadithi nyingi za vijana wenye mkataba mmoja mkononi na mwingine kwenye faili.

Kidole usikifiche kwa klabu yoyote. Bandeji inaonekana, na siku utakapotema mpira mwepesi kwenye majaribio hawatasema ni kidole, watasema ni mikono yako. Ukitoka kwa daktari, mwombe aandike jina la jeraha, siku kibanzi kilipofungwa na tarehe ya kurudiwa uchunguzi. Ipige picha karatasi hiyo uwatumie wote wawili siku hiyo hiyo, pamoja na video za mechi zako mbili nzima, si vipande vya kudaka tu. Glavu za mechi zikae pembeni mpaka hapo. Zioshe kwa maji ya vuguvugu bila sabuni kali, uzianike kivulini. Jua la Dar linakausha ule mpira wa kiganja ukapasuka kabla hata hujazivaa tena.